Alama ya Upande wa Kushoto

Mwanamke aliyeuza vifaa vya kutunzia magari aliitwa Mama Nta, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ileile kwa miaka kumi na saba, katikati ya rafu za shampuu, polishi, nta za kopo na taulo laini zilizokunjwa na kupangwa kwa rangi. Alijisifia jambo moja tu: hajawahi kumuuzia mtu kitu ambacho gari lake halikihitaji. Mdogo wake wa kiume alifanya kazi uani, nyuma ya duka, akipiga magari polishi kwa mashine. Wateja walimbandika jina la Kioo, kwa sababu hakukubali kwamba gari limekwisha mpaka aweze kujinyoa ndevu kwa kujitazama mlangoni mwake. Dada yake alisema si kazi kubwa hiyo, maana ndevu zenyewe ni saba.

Mfamasia aliingia dukani Jumatatu moja saa sita mchana, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Alisalimia kwa sauti ya chini, akasema anatafuta kitu cha kuifanya rangi ya gari lake ing'ae.

Mama Nta alimuuliza maswali anayomuuliza kila mtu. Gari la rangi gani? Kijani, kile kijani kizito cha chupa. La miaka mingapi? Sita. Linalala juani au kivulini? Kivulini, chini ya banda la mabati. Na analiosha kwa kitu gani? Hapo yule bwana alisita kidogo, akajibu kwamba anatumia sabuni ya vyombo na brashi. Mara ngapi kwa wiki? Kila siku, akasema, kabla ya kwenda kazini.

Mama Nta alishusha pumzi. Akamweleza taratibu, kama alivyokwisha kuwaeleza wengi, kwamba sabuni ya vyombo kazi yake ni kukata mafuta, na haijui yapi ni ya sufuria na ipi ni nta inayolinda gari. Brashi nayo huacha mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui, na mwanga ukigonga hapo hutawanyika badala ya kurudi. Ndiyo maana gari huonekana lina vumbi hata likiwa safi. Akamchagulia shampuu isiyo kali, glovu ya manyoya ya kuoshea, taulo tatu na kopo dogo la nta, akamwagiza atumie ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia glovu.

Mfamasia alivaa miwani, akasoma lebo zote tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, midomo ikichezacheza. Akauliza ni kiasi gani hasa cha nta kinatosha boneti moja, na baada ya muda gani mtu aruhusiwe kurudia. Kioo, aliyekuwa amepita kuchukua taulo, akamuuliza kama angependa pia kujua inamezwa kabla au baada ya kula. Mfamasia hakucheka. Akasema, kwa upole, kwamba ni mazoea ya kazi, wamsamehe.

Siku ya Ijumaa alirudi. Alisema amefuata maelekezo yote, na kweli gari linateleza mkononi, lakini kuna mahali bado hapajatoka. Mama Nta akampa udongo wa kunata, ule unaokandwa kama unga na kupitishwa juu ya rangi ili uondoe chembe ambazo maji hayazitoi, pamoja na chupa ya polishi laini ya kupaka kwa mkono. Akamwonya kwamba polishi, hata iwe laini namna gani, hung'arisha kwa kupunguza, na kinachopungua ni ile klia, tabaka jembamba la juu linaloilinda rangi. Ikiisha haipakwi tena kwa kitambaa. Mfamasia aliitikia kwa kichwa. Alipokuwa akipokea mfuko, Mama Nta aliona vidole vyake: ngozi imepasuka pembeni mwa kucha, nyeupe na kavu kama ya mtu afuaye nguo za watu.

Jumatano iliyofuata alikuwa mlangoni kabla duka halijafunguliwa. Safari hii alitaka kompaundi, polishi ya kukata ambayo mafundi huitumia kuondoa mikwaruzo mizito. Mama Nta alimwuliza ni mkwaruzo wa aina gani. Akasema ni mdogo, urefu wa kidole, kwenye kona ya boneti upande wa kushoto, juu ya taa. Kwa mkwaruzo wa kidole kimoja, chupa ndogo ilitosha. Mama Nta akampa, akamsisitizia apake kwa kidole kilichofungwa kitambaa, mara mbili, basi. Mfamasia akauliza kama hawana iliyo kali zaidi. Mama Nta akasema anayo, lakini haiuzi kwa mtu asiye fundi.

Alipotoka, dada na mdogo wake walitazamana. Kioo akasema huyu bwana hana shida ya gari.

Mke wa mfamasia ndiye aliyekuja siku mbili baadaye. Alikuwa mama wa maneno machache, mkoba wa ngozi ameushika kwa mikono yote miwili. Alijitambulisha, akakataa kiti, kisha akakikubali. Alisema amekuja kuomba jambo ambalo labda si la kawaida kumwomba mfanyabiashara: asimuuzie tena mumewe kitu chochote.

Ndipo Mama Nta akapata habari. Miezi minane nyuma, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi yenye mvua, mfamasia alikuwa anakwenda kufungua duka la dawa. Mzee mmoja, mlinzi wa shule aliyekuwa anatoka zamu, alivuka barabara akitokea katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa. Breki zilikanyagwa, lakini barabara ilikuwa imelowa. Kona ya gari ilimgusa, akaanguka, akapiga kichwa kwenye ukingo wa barabara. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Polisi walipima, wakahoji, wakasema dereva hana kosa. Ndugu wa marehemu nao walituma ujumbe kwamba hawana kinyongo na mtu. Mke huyu na kaka yake mwenyewe walikwenda mazikoni. Mfamasia mwenyewe alisema hawezi, akabaki nyumbani, na waliporudi walimkuta anaosha gari.

Alama ilikuwepo, mkewe alisema. Ilikuwa mkwaruzo mweupe ulioachwa na bizimu ya mkoba wa yule mzee. Ilitoka siku hiyohiyo ya mazishi, kwa kitambaa na dawa ya meno.

"Haipo, dada," alisema. "Tangu siku ile haipo. Mimi naiangalia kila siku na haipo, na yeye anaiona."

Mama Nta aliahidi kwamba hatamuuzia, ingawa alijua ahadi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa mji una maduka mengine na kompaundi haiandikiwi cheti cha daktari. Mama yule alipoondoka, Kioo alisema vilevile: akimkatalia hapa ataipata kwingine, tena kwa mtu ambaye hatamwuliza swali. Dada yake akamwambia arudi kazini. Lakini siku nzima hakutulia. Alimpa mteja mmoja nta ya gari jeupe akiwa na gari jeusi, ikabidi amkimbilie hadi barabarani kuibadilisha.

Mfamasia alikuja Jumamosi, na kwa mara ya kwanza alikuja na gari. Alitaka msasa, ule mwembamba kabisa, namba elfu mbili. Mama Nta akamwambia sawa, lakini kwanza auone mkwaruzo wenyewe. Akamwita Kioo aje na taa ya mkononi pamoja na kipimo cha unene wa rangi.

Gari lilikuwa limesimama uani, mbele ya ukuta uliochafuka kwa povu la miaka mingi. Ubavuni na nyuma lilikuwa gari zuri, kijani chake kimetulia. Lakini kona ya kushoto ya boneti ilikuwa imefifia, duara la ukubwa wa sinia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kioo aliwasha taa, akainama, akaipitisha taratibu kutoka kila upande. Kisha akaweka kipimo kwenye paa: maikroni mia na kumi na tano. Mlango: mia na kumi na mbili. Kona ya kushoto: sabini na moja. Akarudia, ikasoma sabini. Hakufanya mzaha wowote. Alimwonyesha dada yake ile namba, akarudi nyuma hatua moja.

Mama Nta alimwomba mfamasia aonyeshe alama. Bila kusita akaweka kidole, akaondoa, akaweka tena palepale.

"Kaka yangu," Mama Nta alisema, "mimi nimeangalia rangi za magari miaka kumi na saba. Hapo hapana kitu. Kilikuwepo, kikaisha. Unachokiona sasa ni kazi ya mkono wako mwenyewe."

Mfamasia aliendelea kutazama pale kidole kilipokuwa. Alisema anajua. Alisema anajua kwa akili, kama anavyojua vipimo vya dawa, lakini kila asubuhi anapoinua turubai linalofunika gari, macho yake yanaiona kabla akili haijafika. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni ya bomba, shati lake jeupe likigusa ukuta mchafu, naye hakujali.

Akaanza kuzungumza. Alisema watu wote wanaijua habari ya breki na malori na mvua, kwa sababu ndiyo waliyoiuliza. Hakuna aliyemwuliza habari za baadaye. Gari la wagonjwa lilichukua karibu dakika ishirini kufika, na muda wote huo alikuwa amepiga magoti barabarani, kichwa cha mzee kiko mapajani mwake. Na mzee hakuwa amezimia. Alikuwa anazungumza.

"Aliniambia maneno," alisema. "Sijamwambia mtu. Hata mke wangu sijamwambia."

Alivuta pumzi aendelee, na Mama Nta akainua mkono. Baadaye alimwambia mdogo wake kwamba hakujua ule mkono umetoka wapi, kwa sababu kwa kweli alitaka sana kusikia. Aliuliza kama yule mzee aliacha watoto. Mfamasia akasema wawili. Binti mkubwa ndiye aliyetuma ule ujumbe wa kutokuwa na kinyongo.

"Basi usiniambie mimi," Mama Nta alisema. "Hayo si yangu. Yana mwenyewe, na mwenyewe hajayasikia."

Mfamasia alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Alisema anaogopa binti atauliza kwa nini alikaa miezi minane bila kutokea. Mama Nta akasema huenda akauliza, na ana haki.

Hakuuziwa msasa. Lakini Kioo, ambaye huruma yake hutoka kwa njia ya kazi, alisema gari haliwezi kuondoka pale na uso ule. Alichagua bidhaa mwenyewe, na safari hii mfamasia hakuomba kusoma lebo. Mashine aliiacha ukutani. Alichukua polishi laini kuliko zote, ile ambayo wao huitumia kwenye rangi za magari ya zamani, akampa mfamasia kitambaa kimoja naye akashika kingine. Walipaka kwa mkono, bila kukandamiza, matone machache, wakafuta na kutazama. Kioo alimfundisha kusimama taa inapoonyesha kwamba imetosha, hata kama moyo unataka zaidi. Juu yake wakapaka kinga ya maji, ile isiyokata chochote na inayokaa tu juu ya klia kama kifuniko, wakaiacha ikauke nusu saa. Duara halikutoweka lote. Kwa pembeni, jua likiwa chini, jicho la fundi lingeliona. Kioo alimwambia wazi kwamba hapo ndipo mwisho, na mkono wa mtu usiguse tena kona ile kwa polishi.

Jumapili mfamasia na mkewe walikwenda kwa binti wa marehemu. Mkewe alitaka kubaki garini. Mfamasia akamwomba waingie wote.

Binti alikuwa dobi, na sebule yake ndiyo ilikuwa kiwanda. Mashati ya watu yalikuwa yamening'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja na kipande cha karatasi kilichobanwa kolani, na chumba chote kilinukia mvuke na wanga. Alimtambua mke wa mfamasia, kwa sababu walikutana mazikoni. Alipoambiwa mwanamume ni nani, aliweka pasi wima, akaichomoa waya ukutani, akafunga mlango. Akawasogezea viti viwili, akahamisha rundo la mashuka kutoka kwenye cha tatu, akaketi.

Mfamasia alikuwa amepanga hotuba nzima njiani. Yote ilimtoka. Alisema tu kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na baba yake mpaka gari la wagonjwa lilipokuja.

"Nilikuwa nakungoja," binti alisema. Hakusema kwa ukali. "Nilisema sina kinyongo ili usiogope kuja. Hukuja. Nikawaza labda nimekosea maneno."

Kisha binti akauliza alichotaka kuuliza kwa miezi yote minane: baba alisema nini?

Mfamasia akamwambia. Mzee hakulalamika na hakumlaumu mtu. Kwanza aliuliza ni saa ngapi. Halafu aliuliza kiatu chake kimoja kiko wapi, maana mguu ulikuwa unaingia maji. Kiatu kilikuwa kimeruka hadi chini ya lori. Mfamasia aliweka kichwa cha mzee juu ya mkoba kwa uangalifu, akatambaa akakitoa, akamvisha. Mzee akamwambia, ahsante mwanangu, funga kamba vizuri isilegee. Akaifunga. Mzee akasema, sasa sawa. Baada ya hapo alitaja jina la mtu, jina la kike, mara mbili, na hakusema tena.

Binti alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Jina hilo lilikuwa la mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado shuleni. Kisha akasema kwamba hospitali walimkabidhi vitu vya baba kwenye mfuko, na kiatu cha kulia kilikuwa bado kimefungwa mafundo mawili, kimevuliwa hivyohivyo. Baba yake maisha yote alifunga fundo moja; yeye na mdogo wake walikuwa wakimtania kwamba siku moja atajikwaa. Amekitazama kiatu kile mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, akijiuliza ni mkono wa nani.

Mfamasia alilia, kwa mara ya kwanza mbele ya mkewe tangu siku ile. Alilia vibaya, bila mpangilio, akitafuta leso kwenye mfuko usio na leso. Binti aliinuka akamletea taulo ya mteja, akasema ataifua.

Kabla hawajaondoka, mdogo wa kiume wa binti alirudi kutoka kazini. Dada yake akamketisha, akamgeukia mfamasia, akamwomba asimulie tena, tangu mwanzo, asiruke kitu. Akasimulia tena. Mara ya pili sauti yake ilikuwa imetulia, na alikumbuka mambo aliyoyasahau mara ya kwanza: kwamba mzee alikuwa na karatasi ya gazeti ameikunja kwenye mfuko wa shati, kwamba dereva wa mojawapo ya malori alikuja akasimama na mwavuli juu yao wote wawili, na kwamba mzee alimtazama huyo dereva akasema mwavuli mzuri.

Siyo kwamba alipona siku hiyo. Mkewe alipopita dukani kumshukuru Mama Nta, alisema mumewe bado huinua turubai asubuhi na kusimama pale mbele kidogo. Lakini ndoo haishiki, na vidole vimeanza kufunga ngozi. Mama Nta aliuliza ya kule kwa binti, na safari hii, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kusikia, aliambiwa yote.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi aliyestahili kuambiwa. Marehemu alikuwa na dada yake, mama mtu mzima aliyeishi mbali, asiyeweza tena kusafiri, ambaye hata mazikoni hakufika. Binti alimwomba mfamasia amwandikie shangazi huyo barua, kwa sababu kwenye simu hasikii vizuri na mambo haya hayafai kupigiwa kelele. Mfamasia aliandika kurasa tatu, kwa herufi kubwa zilizo wazi. Alitumia jioni mbili.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limeandikwa na mkono wa jirani. Shangazi alishukuru, akaomba Mungu amlinde yeye na nyumba yake, kisha akauliza swali moja tu: je, kaka yake alisikia baridi?

Mfamasia alikaa na swali lile siku nzima dukani kwake, akitoa dawa za watu. Angeweza kuandika hapana. Jioni alimjibu kwamba mvua ilikuwa kubwa. Kwamba alimfunika kwa koti lake, nalo lilifika magotini tu. Na kwamba ndiyo, anadhani alisikia baridi, lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mtu mwingine na ulikuwa na joto.